Riwaya Iliyogawanywa kwa Viroba

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Nchi nzima imepumzika. Mimi nimeoga nusu.

Nusu, kwa sababu simu iliita nikiwa bafuni, kichwa kizima povu. Mwanza! Bi Scolastika mwenyewe, mhariri wa kampuni ya vitabu, anafanya kazi siku ya sikukuu kwa ajili yangu. Amesema amemaliza kusoma riwaya yangu, *Moyo Ndani ya Kifusi*. Amesema ina uhai. Uhai! Nilitaka kumwomba arudie, lakini sabuni ilikuwa imeshaniingia machoni.

Akaendelea na mambo madogomadogo. Kwamba ni ndefu mno. Kwamba mhusika akinywa chai, lazima msomaji aelezwe sukari ilinunuliwa wapi na dukani walikuwepo akina nani. Kwamba niikate nusu. Hiyo nusu ichapwe kwenye kompyuta na imfikie kabla ya Nanenane, maana kamati yao ya kuchagua vitabu inakaa wakati huo na haikai tena mpaka mwakani. Mswada wangu wa mkono, ambao ndio pekee duniani, ananirudishia kwa basi. Nikamjibu kuwa kukata nusu kwangu mimi ni kazi ya asubuhi moja.

Nimempa habari mke wangu, Eufrasia. Amefurahi sana. Halafu amenikumbusha ahadi ya Pasaka. Kumbe anaikumbuka! Siku ile, nikiwa nimeshiba pilau, nilisema mbele ya kaka yake, shemeji Pantaleo, kwamba nisipopata mchapishaji hadi Nanenane ya mwaka huu nitaweka kalamu chini na kwenda Mwadui kuuza misumari kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi. Riwaya tatu zilikuwa zimesharudi. Moja ilirudi hata kabla haijafika. Pantaleo hakuchelewa. Alinishonea koti la kazi la bluu, jina la duka mgongoni. Linaning'inia nyuma ya mlango wa chumba chetu, na kila nikifunga mlango nadhani kuna mtu kasimama.

Halitavaliwa hilo. Mimi ni mwandishi.

Jumanne, 8 Julai

Nimegundua matatizo. Kompyuta sina. Umeme wa hapa Nyahanga unakuja na kuondoka unavyotaka wenyewe. Mchana nyumbani hakupikwi, Eufrasia yuko sokoni Kahama na vitenge vyake mpaka jioni, na mimi nikiwa na njaa wahusika wangu wote wanaongea habari za chakula. Mfukoni ndiyo usiseme.

Suluhisho nimelipata kwa Masele. Huyu ni jirani yetu, mkongwe wa machimbo. Duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, limejaa maji tangu masika, na sasa anashinda kibarazani akikagua wapita njia. Nilimkuta anasimulia namna wanavyogawana huko machimboni. Mwenye ardhi anachukua viroba vyake vya mawe. Mwenye duara vyake. Wachimbaji vyao. Mama anayewapikia ana mgao wake, aliyeleta pampu ana wake. Hakuna anayelipwa mbele, na shimo linachimbwa vilevile.

Hapo akili ikafunguka. Riwaya nayo ni duara! Niliondoka pale karibu nakimbia, hata kuaga nikasahau.

Hadi jioni nimepata wabia watatu. Mama Loveness, mama lishe wa pale jirani na karasha, ile mashine ya kusagia mawe, atanilisha kila mchana. Hamza wa steshenari, mtu wa Buseresere aliyehamia huku, atachapa kazi ikishakamilika. Masele anatoa taa ya sola, kiti chake cha usimamizi, na usimamizi wenyewe. Kila mmoja nimemwambia ana mgao wake. Hamza aliuliza mgao wa nini hasa. Nikamwambia wa mawe. Akaridhika, akanipa mkono.

Akili kama hii ikikaa Nyahanga bila kutangazwa ni hasara kwa taifa.

Alhamisi, 10 Julai

Mswada umeshuka na basi la asubuhi. Konda aliuliza ni kitu gani kizito namna ile. Nikamwambia ni fasihi. Akasema sawa, lakini siku nyingine nifungashe vizuri, umevuja. Kumbe ulisafiri chini ya sato wa mtu. Sura za mwanzo zinanuka ziwa.

Nimekaa, nimechomoa kalamu nyekundu, Masele akanizuia. Alisema duara halifunguliwi kavukavu, lazima damu kidogo. Nikamkumbusha kuwa mimi ni Mkatoliki. Akasema hata yeye, ila leo ni Alhamisi. Basi akatafutwa jogoo. Hamza ndiye aliyechinja ili tuweze kula wote, Mama Loveness akamwunga kwa karanga, Masele akarushia matone mawili kwenye mguu wa meza na kuongea Kisukuma kirefu ambacho ndani yake nilisikia jina la Mwanza.

Siku imeisha hivyo. Neno hata moja sijakata. Lakini jogoo mtamu namna ile sijala tangu harusi yangu.

Jumatano, 16 Julai

Kazi inakwenda! Nilikuwa nimeshafuta ukurasa mzima wa sukari, kwa uchungu, walipopiga hodi wote watatu. Masele alieleza kwamba kwenye duara kila mwenye mgao ana haki ya kushuka kukagua. Nikawasomea kwa sauti. Niliona ni heshima. Wasomaji watatu kwa mpigo!

Masele alinikatiza mapema tu. Shujaa wangu, Zamoyoni, anashuka shimoni bila kukagua matimba, yale magogo ya kuzuia udongo usiporomoke. Mzee alikasirika kwelikweli. Alisema mtu mzembe namna ile hawezi kupendwa na Raudha, binti wa mnunuzi wa dhahabu, na kwamba ngosha Eustace, yaani mimi, nikitaka kumuua huyo kijana niseme waziwazi. Mama Loveness yeye alinuna kwa sababu mpishi wa machimboni katika riwaya anauza maharage yaliyolala. Alijifunga kitenge upya na kuuliza namsema nani. Nikaapa mbele ya mashahidi. Akasema basi maharage yawe ya siku hiyohiyo, na huyo mpishi aolewe.

Hamza alisubiri zamu yake. Kwa heshima zote alisema tapeli mkuu ametokea Buseresere, na Buseresere kuna mama yake mzazi, na mama yake anajua kusoma. Nikauliza basi tapeli atoke wapi. Kila mji nilioutaja ulikuwa na mjomba wa mmoja wao. Mwisho wake tapeli hana kwao. Ikabidi nieleze kwa nini mtu mzima hana kwao. Imekuwa sura nzima.

Sura nzuri lakini. Kesho ndiyo nitakata.

Jumapili, 20 Julai

Fedheha. Baada ya misa, katika matangazo, mwenyekiti alisema tunaye mwandishi wetu hapa, asimame tumwone. Nikasimama. Nikatabasamu pande zote. Kumbe alikuwa anamsema Mwalimu Charles, aliyekuwa ameshasimama benchi la nyuma yangu.

Huyu Charles ametunga kijitabu cha kufuga kuku. Kuku! Ndani yake hakuna hata busu moja. Kina sura nzima ya ugonjwa wa mdondo. Lakini kimechapishwa, basi kila shughuli anaitwa meza kuu na kumiminiwa soda kwenye glasi wakati sisi tunakunywea kwenye chupa. Nje alinisalimia kwa upole, akauliza ile hadithi yangu bado ipo? Nikamjibu ipo na ina mapenzi, dhahabu na kifo. Akasema vizuri sana, ila watu siku hizi wanapenda kitu cha kuwasaidia.

Eufrasia alicheka njia nzima. Tulipofika nyumbani alisema lakini nilisimama vizuri. Nimemsamehe kwa hilo.

Jumatano, 30 Julai

Habari si nzuri sana. Harusi ya mpishi imekuwa ndefu, maana Mama Loveness alitaka kamati ya maandalizi itajwe yote. Masele amenipa mafunzo ya matimba, nimeyaandika kama alivyoyasema. Bwana harusi naye alihitaji ukoo. Mswada ulipofika niliubeba kwa mkono mmoja. Leo nimetumia miwili na kidevu.

Nanenane hiyo inakaribia. Eufrasia amelitoa koti kulipiga vumbi, amelirudisha. 

Lakini mimi si mtu wa kukwama! Mpango ni huu. Nitawatangazia wabia kwamba kazi imekwisha. Watafurahi, watatulia, watakaa makwao. Halafu peke yangu, kimyakimya, nitafyeka yote waliyoyaingiza, na nusu nyingine juu yake. Wakija kushtuka kitabu kiko madukani, kila mtu anajipigia makofi.

Jioni nimepita kwa kila mmoja. Ili waelewe vizuri nimetumia lugha yao. Nimesema mawe yametoka. Masele aliinuka kitini na kuvua kofia. Akaniambia Jumamosi watakuja wote. Nikasema karibuni sana, nikafikiri wanakuja kunipongeza.

Jumamosi, 2 Agosti

Maafa!

Wamekuja na viroba. Vitupu, vimekung'utwa vizuri, wamevikunja kwapani. Nilidhani wanatoka sokoni. Nikawakaribisha michembe, vile viazi vikavu, na chai. Masele alikataa kukaa. Alisema tumalize kwanza kilichotuleta.

Mawe yakitoka, alieleza, yanagawanywa hapohapo mdomoni mwa duara, kabla hayajagusa karasha. Anayekubali mawe yasafiri bila kugawanywa haji kuyaona tena, na yeye mwenyewe ameshawahi kulizwa hivyo ujanani. Karasha letu ni Mwanza. Kwa hiyo tunagawana leo. Nikajitahidi kuwaambia kwamba riwaya si hivyo, kwamba mgao wake huja baadaye, watu wakishanunua. Mama Loveness akaniuliza kama ugali wake nao nilikuwa nakula baadaye.

Sura zangu nimezibana kila moja kwa pini. Masele alizimwaga zote sakafuni, akazivuruga kwa mikono miwili asionewe mtu. Nikafumba macho. Halafu akauliza mwenye ardhi ni nani. Nikawahi kusema ni mimi, kwa sababu ardhi ni kichwa changu. Akatikisa kichwa. Duara limechimbwa mezani, alisema, na meza ni ya nani? Meza alikuja nayo Eufrasia kutoka kwao. Basi mwenye ardhi ni Mama Juliana, mke wangu. Eufrasia, ambaye kwa miaka yote hii hajasoma hata ukurasa wangu mmoja, aliweka vitenge chini, akaenda jikoni na kurudi na kiroba chake mwenyewe!

Waligawana sura mojamoja, kwa zamu, kwa haki ambayo sijaiona hata serikalini. Hamza alipata mbili zilizogandana kwa yule sato, akazibandua na kurudisha moja. Kila mtu akashukuru kwa Kisukuma, wabeja, wakala michembe, wakasifu chai, wakaondoka na riwaya yangu mabegani.

Nimebaki na mgao wa mchimbaji. Unabebeka kwa mkono mmoja.

Jumapili, 3 Agosti

Nimezunguka tangu kutoka kanisani kuomba nirudishiwe.

Masele alisema mawe yaliyogawanywa hayarudi shimoni. Ameweka kiroba juu ya kabati, amekifunika turubai, anangoja bei ipande. Nikamwambia sura ya kifo cha Zamoyoni imo mle. Akasema ndiyo maana.

Mama Loveness alisema hawezi, maana jana hiyohiyo alianza kuwasomea wateja. Madereva wa malori wamefikia pale Raudha anatoroka nyumbani kwao, na akinipa leo watamvunjia mabenchi. Niliwakuta, wamekaa kimya, ugali unapoa. Nilisikiliza kidogo. Inasomeka vizuri, jamani. Nikasahau kilichonipeleka.

Hamza alinikaribisha kahawa. Atanichapia mgao wangu bure, kama tulivyopatana. Lakini wa kwake ni wa kwake, na mama yake kule Buseresere ameshaahidiwa kusomewa kuwa tapeli si wa kwao.

Nikarudi nyumbani kwa mwenye ardhi. Eufrasia alikuwa kakaa mlangoni, kiroba kati ya miguu, anasoma. Anasoma! Machozi yanamtiririka. Nilidhani ni vitunguu. Nilisimama palepale uani, sijui hata kwa muda gani, nikiogopa nikikohoa ataacha.

Alipoinua kichwa aliniambia mgao wake ananiazima. Si kwa ajili yangu, alisema, ni kwa ajili ya huyu Raudha, asije akaishia kirobani. Isipokuwa ile sura ya mama mkwe mwenye masharubu, hiyo ameshawashia mkaa. Na ananiuliza, Baba Juliana, mambo haya yote yalikuwa yanakaa wapi wakati wewe ukiwa umenyamaza?

Niliketi kizingitini karibu naye. Nililia kidogo na mimi. Na vitunguu havikuwepo.

Jumatano, 6 Agosti

Hamza amemaliza kuchapa mgao wangu na wa Eufrasia. Tumekaa tukaitazama. Hali ni hii.

Zamoyoni anashuka shimoni anapiga mluzi. Sura inayofuata watu wako msibani. Amekufaje? Muulize Masele. Raudha anafunga dirisha, ukigeuza karatasi yuko mji mwingine na jina jingine. Safari yote iko kwa Mama Loveness. Tapeli asiye na kwao anatokea mara moja, anaagiza chai, anacheka, haonekani tena. Na chai yenyewe hatujui sukari ilitoka wapi.

Nimeona aibu, lakini Nanenane haingoji mtu. Nikamwomba Hamza azipange sura upya namba, moja, mbili, tatu, ili mashimo yasionekane. Huu ndio ujanja wangu wa mwisho. Akaituma kwa barua pepe. Alibonyeza yeye, mimi nilitazama ukutani.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Simu kimya tangu asubuhi. Nimeizima na kuiwasha. Nimemwomba Eufrasia anipigie nione kama inaita. Inaita vizuri.

Mchana nimejikubalia mwenyewe. Nilisema mbele ya watu, sasa nitakwepaje? Eufrasia amenifungia karanga na kunisindikiza hadi stendi, na hakutania hata mara moja, jambo ambalo ndilo lililoniumiza zaidi. Masele alikuja kuniaga. Alisema hata maduara mazuri hukauka. Nikapanda basi la Shinyanga.

Mwadui jioni. Koti limenikaa vizuri mno. Shemeji Pantaleo amenipokea kwa furaha, amenitembeza: misumari ya bati, ya mbao, ya zege. Amenipikia sato mzima. Nimemmaliza, sikutegemea. Koti lina mfuko mdogo kifuani, nimetia kalamu. Pantaleo anasema ule ni wa futikamba.

Jumatatu, 18 Agosti

Nilikuwa juu ya ngazi nashusha mabomba. Simu ikaita. Mwanza!

IMEPITA! Kamati imepitisha! Bi Scolastika anasema hajawahi kuona mwandishi mwenye ujasiri wa kukata namna ile. Kifo cha Zamoyoni kisichoelezwa kimewanyima raha, mjumbe mmoja ameomba anong'onezwe tu yeye, akakataliwa. Na yule tapeli asiye na kwao, anayecheka mara moja na kupotea! Wanasema hatoki kichwani. Akaniuliza nimefanyaje.

Nikamwambia ni nidhamu. Nilikaa na kila sura, nikaitazama machoni, nikaiuliza kama kweli inahitajika. Nikamwambia si wengi wanaoweza. Mabomba yakaanguka hapo.

Pantaleo alinikumbatia hadi kalamu ikavuja. Mteja aliyekuwa dukani kapewa misumari ya bure na kuondoka mbio kabla hatujabadili mawazo. Nikampigia Eufrasia sokoni.  Halafu vigelegele! Na akina mama wote wa vitenge wakampokea bila hata kujua kisa. Nimesikiliza mpaka salio likaisha.

Narudi nyumbani. Koti nimeondoka nalo, kama kumbukumbu.

Jumamosi, 6 Desemba

Uzinduzi, ukumbi wa parokia. Vitabu vyangu juu ya meza, vina harufu mpya, jina langu kubwa kuliko nilivyoomba. Cha kwanza kabisa nimekisaini kwa ajili ya Eufrasia, na nimemwandikia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Alikifunga kwenye kanga.

Mshereheshaji alisema mwandishi wetu asimame. Mwalimu Charles akasimama. Nikamwachia hata akapunga mkono. Meza kuu nilikuwa mimi, na soda yangu ilikuwa kwenye glasi.

Kwenye maswali dada mmoja aliuliza Zamoyoni alikufaje. Nikakohoa, nikaanza kueleza kwamba kazi ya sanaa lazima imwachie msomaji nafasi. Hakuna aliyenisikiliza. Ukumbi mzima ulimgeukia Masele, maana Nyahanga yote inajua iko kwa nani. Masele akasema bei bado. Mama Loveness naye akasimama kule nyuma na kutangaza kuwa wanaotaka safari ya Raudha anayo yeye, wamkute mchana, anayekula wali anasomewa. Ukumbi ukahamia kwake, pamoja na Mwalimu Charles.

Hata mimi nilikwenda. Nilipata kiti karibu na jiko. Siku njema kabisa.

Jumanne, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Nimepumzika, na nikipumzika ndipo napata mawazo makubwa.

Hivi kwa nini wasomaji wangu wahangaike, mara kwa mama lishe, mara kwa Masele? Kilichochapishwa ni vipande tu! Dunia haijaisoma riwaya yangu. Haijui hata habari ya sukari! Linahitajika toleo kamili.

Nimetekeleza leoleo. Vitabu vyote nilivyopewa na Mwanza kama mtunzi nimevibadilisha na sura zangu. Hamza amechukua vya kupeleka Buseresere. Mama Loveness amechukua vyake, na nimemwahidi mpishi atapata mapacha. Masele alikuwa mgumu. Alihesabu vilivyobaki, akasema bei imekaribia lakini haijafika, bado kimoja. Kimoja kilikuwepo, kwenye kanga ya Eufrasia. Nimempa. Eufrasia nitamwandikia kingine, toleo kamili, lenye nafasi zaidi ya maneno. Ile sura ya mama mkwe iliyoungua nimeiandika upya kwa kukumbuka, na imetoka ndefu kuliko mwanzo.

Nimempigia Bi Scolastika kumpa habari njema. Aliniomba nirudie, kisha simu ikakatika. Mtandao wa sikukuu huo. Na ili nisilegee, nimempigia shemeji Pantaleo na kumwahidi kwamba toleo kamili lisipotoka hadi Nanenane ijayo, niko tayari kwa lolote. Hakushangaa. Aliuliza tu kama nimenenepa.

Sasa mswada uko mezani, mzima, mnene, wa mikono miwili na kidevu. Furaha yangu haina kipimo. Masele ameshaleta jogoo.

Eufrasia alirudi kutoka sokoni, akafungua kanga, akaikung'uta, akaikunja tena.  Amelifua koti la bluu, amelipiga pasi vizuri, halafu amelihamisha kutoka chumbani na kulitundika kwenye msumari wa mlango wa mbele. Sijui kwa nini.